Hodi, Ukatizaji na Uhakiki wa Kiraka: Mfano wa Kipimamvua katika Bonde la Naivasha

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja la ndani ya kompyuta, yaani namna kifaa kinavyoikatiza kazi ya kichakataji ili kihudumiwe, na namna mhakiki anavyoyasoma mabadiliko ya programu inayohusika na jambo hilo. Msomaji wa jarida la lugha aweza kuuliza kwa nini habari hii iletwe mbele yake. Jibu ni kwamba makosa yanayotokea mahali hapa ni ya aina ambayo aghalabu haigunduliwi kwa majaribio, bali kwa kusoma na kujadiliana. Na palipo na kazi ya kusoma na kujadiliana, lugha huwa ndicho chombo chenyewe cha kazi.

Mpaka sasa juhudi za kukiingiza Kiswahili katika kompyuta zimeelekea zaidi upande wa nje. Mwaka 2004 mradi wa KiLinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi ambazo maelezo yake ya kwenye kioo yaliandikwa kwa Kiswahili. Baadaye kampuni ya Microsoft nayo ilitoa tafsiri ya namna hiyo kwa programu zake. Kutokana na juhudi hizo maneno kama faili, hifadhi, futa na chapisha yamekuwa ya kawaida kwa watumiaji wengi. Hata hivyo, hayo ni maneno ya mtu anayeitumia mashine. Maneno ya mtu anayeijenga, anayebishana na mwenzake kama sehemu fulani imejengwa vyema au vibaya, bado ni machache, na yaliyopo hayajapimwa vya kutosha kwa kazi halisi.

Kwa hiyo makala haya yatachukua dhana moja tu, yaani ukatizaji, na kuipima kwa kazi moja tu, yaani uhakiki wa kiraka. Kwanza itaelezwa dhana yenyewe. Pili yatachunguzwa maneno ya Kiswahili yanayoweza kuibeba. Tatu utatolewa mfano wa kipimamvua katika bonde la Naivasha. Na mwisho itaonyeshwa mipaka ya maneno yaliyopendekezwa.

2. Dhana ya Ukatizaji

Kichakataji ni sehemu ya kompyuta inayosoma amri za programu na kuzitekeleza moja baada ya nyingine. Kandokando yake viko vifaa: kibodi, saa, diski, waya wa mtandao, na vipimo vya kila aina. Vifaa hivi huenda polepole mno vikilinganishwa na kichakataji, na habari zake hazina wakati maalumu. Swali la msingi ni hili: kichakataji kitajuaje kwamba kifaa fulani kina habari?

Njia ziko mbili. Njia ya kwanza ni ya kukagua kwa zamu, ambapo programu hukiendea kila kifaa baada ya muda fulani na kuuliza kama pana neno. Njia hii ni nyepesi kuielewa, lakini ina hasara mbili. Ikiwa muda kati ya zamu na zamu ni mrefu, tukio fupi litapita bila kuonekana. Na ikiwa ni mfupi, mashine itatumia nguvu zake nyingi kuuliza swali ambalo karibu kila mara jibu lake ni hapana. Njia ya pili ni kukiachia kifaa chenyewe kitoe ishara kinapokuwa na habari. Ishara hiyo inapofika, kichakataji huimaliza amri kilichokuwa nayo mkononi, huhifadhi mahali kilipofikia, huenda kumhudumia aliyeita, kisha hurejea kuendelea na kazi ya awali kana kwamba hapakutokea jambo. Hii ya pili ndiyo iitwayo ukatizaji.

Njia hii ilianza kutumika zamani. Mashine ya Marekani iitwayo DYSEAC, iliyokamilika mwaka 1954, hutajwa miongoni mwa za kwanza kuruhusu vifaa vya nje kuikatiza kazi ya mashine. Mwaka 1959 Edsger Dijkstra wa Uholanzi aliitolea tasnifu ya udaktari kazi ya kuandika programu za kupokea ukatizaji katika mashine ya Electrologica X1. Tatizo lililomsumbua Dijkstra ndilo linalomsumbua mhakiki wa leo. Ishara ya kifaa yaweza kuingia kati ya amri yoyote na inayoifuata. Kwa hiyo programu ile ile, ikipewa kazi ile ile, yaweza kupita salama mara elfu na kuanguka mara moja, na ikirudiwa ili kosa lionekane, kosa halionekani tena. Kosa la namna hii halikamatwi kwa urahisi kwa kuijaribu mashine. Hukamatwa na mtu aliyeketi mbele ya maandishi akajiuliza, kwa kila mstari: ishara ikifika hapa, itakuwaje?

3. Maneno ya Kiswahili Yanayohusika

Kiswahili kina maneno kadhaa yaliyo karibu na dhana hii. Liko dakiza, ambalo hutumika zaidi kwa kuingilia maneno ya mtu kwa kumpinga. Uko usemi wa kukata kalima, ambao nao ni wa mazungumzo na una ladha ya utovu wa adabu. Liko ingilia, ambalo ni pana kupita kiasi. Na liko katiza, linalotokana na kata, ambalo laweza kusemwa kwa maneno, kwa safari na kwa kazi. Katika hayo, katiza ndilo lenye uwezo mkubwa zaidi wa kuzaa: kukatiza, kukatizwa, mkatizaji, mkatizwa, ukatizaji.

Yafaa hapa kutofautisha vitenzi viwili ambavyo kwa haraka vyaweza kuchanganywa. Msemaji wa Kiswahili anaposema kwamba simu imekatika, au umeme umekatika, haelezi nani aliyekata, wala hadai kwamba kilichokatika kitajirudia chenyewe. Kauli ya kutendeka haina mtendaji. Lakini anaposema kwamba hotuba imekatizwa, msikilizaji huelewa kwamba yupo aliyekatiza, na kwamba hotuba yaweza kuendelea pale ilipoachwa. Tofauti hii ndiyo hasa inayohitajika. Programu iliyokatizwa iko salama na inangoja zamu yake; programu iliyokatika imekufa. Taarifa ya hitilafu itakayoandikwa kwamba programu ilikatika wakati wa mvua humpeleka msomaji mahali tofauti kabisa na taarifa isemayo kwamba ilikatizwa, na hapana lugha ya kigeni iliyohitajika kuileta tofauti hiyo.

Hata hivyo, neno ukatizaji peke yake halitoshi, kwa kuwa linaeleza upande wa anayekatizwa tu. Katika tukio hili mna mambo matatu. La kwanza ni ishara inayotoka kwa kifaa. La pili ni kusimama kwa kazi iliyokuwa ikiendelea. La tatu ni huduma anayopewa aliyeita. Kiingereza cha mafundi hutumia neno lile lile kwa yote matatu, na mara nyingi wageni wa fani hii hupotea hapo. Kiswahili hakina haja ya kuiga upungufu huo.

Kwa jambo la kwanza makala haya yanapendekeza neno hodi. Hodi ni ishara ya mtu aliye nje anayetaka kushughulikiwa na aliye ndani, hutolewa bila ya kujua mwenye nyumba anafanya nini, huitikiwa, na baada ya kuitikiwa hufuata shughuli iliyomleta mgeni. Kwa jambo la pili libaki neno ukatizaji. Kwa jambo la tatu litumike neno huduma, na sehemu ya programu inayoitoa iitwe bawabu, kwa vile kazi yake ni kuwa mlangoni, kuitikia, kupokea ujumbe na kurudi haraka. Kazi ndefu zaidi bawabu humwachia mtumishi wa ndani, yaani sehemu nyingine ya programu inayofanya kazi kwa zamu kama programu zote, na ambayo yaweza kungoja bila kumzuia mtu.

Maneno mengine yatakayotumika hayana matata. Kiini ni programu ya msingi inayogawa kichakataji na kumbukumbu kwa programu nyingine zote. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, ni kiini cha namna hiyo. Kiendeshi ni sehemu ya kiini inayojua tabia za kifaa fulani. Kiraka ni maandishi yanayoonyesha mistari ya kuondolewa na mistari ya kutiwa katika programu. Neno hili lilikuwapo katika nguo na mashua kabla ya kompyuta, na maana yake haikubadilika: ni kipande kinachoshonwa juu ya kitu kilichopo, na ubaya wake hujulikana pale kinapokutana na kitambaa cha zamani. Ama mhakiki ni neno ambalo wanafasihi hawahitaji kuelezwa.

4. Mfano wa Naivasha

Ziwa Naivasha liko katika sakafu ya Bonde la Ufa, kiasi cha mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Jina lake hutajwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya maji yanayochafuka, likageuzwa na ndimi za wageni mpaka likawa hili linaloandikwa leo katika ramani. Ziwa hili halina mto unaotoka juu ya ardhi, na sehemu kubwa ya maji yake huletwa na mto Malewa kutoka milima ya Nyandarua. Kwa sababu hiyo mvua inayonyesha mbali milimani huonekana baadaye ufukoni. Mwaka 2020 ziwa lilifurika, na wakazi wa mtaa wa Kihoto, karibu na mji wa Naivasha, walilazimika kuzihama nyumba zao. Kwa wakulima wa maua wanaotegemea maji ya ziwa, na kwa watu wanaoishi karibu na ufuko, hesabu ya mvua ya milimani si jambo la udadisi tu.

Mfano ufuatao umeundwa kwa ajili ya makala haya, ingawa vifaa vyake ni vya kawaida. Ichukuliwe kwamba kwenye mteremko mmoja wa bonde la Malewa pamewekwa kipimamvua cha kopo lipindukalo. Ndani yake mna vikopo viwili vidogo vilivyokaa kama mizani. Maji yanayolingana na milimita 0.2 za mvua yakijaa kikopo kimoja, kikopo hicho hupinduka na kumwaga, na cha pili huanza kujaa. Kila kinapopinduka, sumaku hupita mbele ya swichi na kuifunga kwa muda mfupi, tuseme sehemu moja ya kumi ya sekunde. Swichi imeunganishwa na kijisahani kidogo cha elektroniki, nacho kimeunganishwa na kompyuta ndogo yenye kiini cha Linux kwa nyaya mbili zinazopitisha habari polepole. Waya wa tatu ni wa hodi: swichi inapobadilika, kijisahani huushusha waya huo, na huuacha umeshuka mpaka kompyuta itakapokisoma. Kifaa cha saa nacho kinautumia waya huo huo wa hodi.

Kiendeshi cha zamani kilikikagua kijisahani kwa zamu, mara moja kila sekunde. Hesabu rahisi yaonyesha ubaya wake. Swichi hufungwa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mkaguzi anayepita mara moja kwa sekunde atakikuta kitendo hicho, kwa wastani, mara moja katika mara kumi. Kumkaguza mara nyingi zaidi kutamaliza betri. Ndipo mtungaji akaandika kiraka kinachoondoa mistari ya kukagua kwa zamu na kutia mistari ya kupokea hodi. Kusudi lake ni jema, na programu yake, ikijaribiwa mezani kwa kumwagiwa maji kutoka kwenye birika, inahesabu sawasawa. Sasa kiraka kimemfikia mhakiki.

5. Maswali ya Mhakiki

Mhakiki wa kiraka hufanya kazi inayofanana na ya mhariri wa miswada ya tenzi. Hasomi mistari mipya peke yake, bali huisoma pamoja na ile iliyobaki, akitafuta mahali ambapo mstari uliotiwa unaipinga maana ya mstari uliokuwapo. Katika kiraka hiki yako maswali matano ambayo hapana budi yaulizwe.

Swali la kwanza: je, mlango umefunguliwa kabla nyumba haijatandikwa? Kiendeshi kinapoanza hufanya mambo mengi: hutenga kumbukumbu, huandaa kihesabio, huandaa kufuli, na humsajili bawabu kwa kiini. Katika kiraka cha mfano, bawabu amesajiliwa kabla kihesabio hakijatengwa. Mezani hapana dhara, kwa kuwa mtu huiwasha kompyuta kwanza, kisha akamwaga maji. Lakini milimani kompyuta yaweza kuwaka upya katikati ya mvua, na hodi ya kwanza ikafika mara tu baada ya bawabu kusajiliwa. Bawabu ataandika katika daftari lisilokuwapo, na kiini chote chaweza kuanguka. Dawa yake ni kubadili mpangilio wa mistari: kusajili bawabu kuwe jambo la mwisho.

Swali la pili: je, bawabu anasema kweli kuhusu mgeni? Kwa kuwa waya wa hodi unatumiwa na vifaa viwili, kiini huwauliza mabawabu wote wawili, na kila mmoja hana budi kujibu ama kwamba mgeni ni wake na amehudumiwa, ama kwamba si wake. Majibu hayo yana kazi. Kiini cha Linux huhesabu hodi za kila mlango; katika kila hodi 100,000, ikiwa zaidi ya 99,900 hazikupata mwenyewe, kiini huandika kwamba hakuna aliyejali, kisha huufunga mlango huo ili mashine isizamishwe na hodi zisizokoma. Katika kiraka cha mfano, bawabu hujibu kila mara kwamba amehudumia, hata pale kijisahani kisipokuwa na neno. Mtungaji alidhani anaepusha lawama. Kwa kweli amekinyima kiini njia ya kutambua hatari: kifaa cha saa kikiharibika na kuushikilia waya, kiini kitaendelea kuamini kwamba kila hodi imepata mwenyewe, na mashine itashindwa kufanya kazi nyingine yoyote.

Swali la tatu: je, bawabu analala mlangoni? Katika lugha ya kiini, kulala ni kuachia kichakataji na kungoja jambo fulani litokee. Programu za kawaida huruhusiwa kulala. Bawabu haruhusiwi, kwa maana yeye hana zamu yake mwenyewe. Anatumia zamu ya yule aliyemkatiza. Kiraka cha mfano kinamwagiza bawabu akisome kijisahani kwa zile nyaya mbili za polepole, na kusoma huko kunahitaji kungoja. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote ya kiraka. Dawa yake ni kumtumia mtumishi wa ndani, utaratibu ulioingizwa rasmi katika kiini cha Linux mwaka 2009. Lakini dawa hiyo ina sharti lake. Waya wa hodi unabaki umeshuka mpaka kijisahani kisomwe. Ikiwa bawabu atamwita mtumishi na kuondoka huku mlango u wazi, hodi ile ile itapigwa tena papo hapo, naye mtumishi hatapata hata nafasi ya kuanza. Kwa hiyo mlango ufungwe mpaka mtumishi amalize, na mabawabu wote wanaoshiriki mlango huo wakubaliane juu ya sharti hilo.

Swali la nne: je, daftari linashikwa na watu wawili? Programu inayotuma hesabu mjini husoma kihesabio, kisha hukirudisha kwenye sifuri. Hizo ni hatua mbili. Kikopo kikipinduka kati ya hatua ya kwanza na ya pili, pindu hilo limepotea. Mvua kubwa ya milimita 120 kwa saa hukipindua kikopo mara moja kila sekunde 6, kwa hiyo mgongano huo ni wa nadra sana. Lakini nadra si kamwe, na kifaa hukaa mlimani miaka. Panahitajika kufuli. Iwapo kuhesabu kunafanywa na mtumishi wa ndani, kufuli ya kawaida yatosha. Iwapo kunafanywa na bawabu mwenyewe, mambo hubadilika: programu iliyoshika kufuli ikikatizwa, naye bawabu akaitaka kufuli ile ile katika kichakataji kile kile, bawabu atamngoja mwenye kufuli, na mwenye kufuli hawezi kuendelea mpaka bawabu aondoke. Kila mmoja anamngoja mwenziwe, na hapana wa tatu wa kuwaamua. Ndiyo sababu katika hali hiyo hodi huzuiwa kwanza, kisha kufuli ikashikwa.

Swali la tano: je, siku ya kuhama nani anatangulia kutoka? Kiendeshi kinapoondolewa, bawabu aondolewe kwanza, ndipo kumbukumbu yake irudishwe. Mpangilio ukigeuzwa, hodi ya mwisho itamkuta bawabu katika nyumba iliyokwisha kubomolewa. Katika hili kiraka cha mfano hakina kasoro, na mhakiki mwema hukitaja hata kilicho sawa, ili mtungaji asije akakiharibu anaporekebisha mengine.

Baada ya maswali haya liko jambo la maelezo. Kiraka kinachopelekwa kwa wasimamizi wa Linux huambatana na maandishi ya kawaida yanayosema tatizo lilikuwa nini na kwa nini dawa iwe hii. Na tangu mwaka 2004 mtungaji hutia jina lake kuthibitisha kwamba ana haki ya kuitoa kazi hiyo. Mhakiki naye akiridhika hutia lake. Jina hilo ni ahadi kwamba mtu mwingine amesoma na kuelewa. Asiyeelewa maelezo hana la kutilia jina.

6. Sifuri na Kimya

Hapana budi kueleza kinachopotea ikiwa maswali haya hayakuulizwa. Milimita moja ya mvua juu ya kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 1,000, yaani lita milioni moja. Pindu moja lililopotea ni dogo. Lakini makosa ya swali la kwanza, la pili na la tatu hayapotezi pindu moja. Yanakinyamazisha kipimo chote, na yanafanya hivyo hasa wakati hodi zinapokuwa nyingi, yaani wakati wa mvua kubwa. Katika daftari la mjini, sifuri ya siku isiyo na mvua na sifuri ya kipimo kilichonyamaza huandikwa kwa tarakimu ile ile. Anayelisoma daftari hilo atasema kwamba milimani kumekauka, na maji yatakuwa yamekwisha anza safari ya kuelekea ziwani.

Kosa kama hilo halionekani kwenye kioo, wala halihusiani na tafsiri ya maneno ya kwenye kioo. Liko katika mpangilio wa mistari miwili, au katika jibu moja la bawabu. Mwanafunzi wa uhandisi aliyeko Nakuru au Naivasha, ambaye amekariri majina ya Kiingereza ya mambo haya, anaweza kuiandika programu. Lakini kuikosoa ya mwenzake kwa hoja, hatua kwa hatua, mbele ya watu, huhitaji lugha ambayo ndani yake anaweza kuuliza itakuwaje. Maswali matano yaliyoelezwa hapo juu yameulizwa yote kwa maneno ya nyumbani: mlango, daftari, kufuli, kulala, kuhama. Hayakurahisishwa kwa ajili hiyo. Kila moja ni swali ambalo mhakiki wa Linux huliuliza kwa hakika.

7. Mipaka ya Neno Hodi

Pamoja na hayo, sitiari hupotosha isipowekewa mipaka. Kwanza, hodi ya binadamu ni ombi. Mgeni mwenye adabu hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa huondoka. Vifaa havina adabu ya namna hiyo. Viko vinavyopiga hodi mara moja tu na kwenda zao, hata kama hakuna aliyesikia. Na viko, kama kijisahani cha mfano huu, vinavyobaki mlangoni vikigonga bila kukoma mpaka vihudumiwe. Aina hizi mbili zina hatari zinazopingana: ya kwanza hupoteza habari, ya pili huleta mafuriko ya hodi. Mwalimu atakayelitumia neno hodi hana budi kuzitaja zote mbili, na yaelekea wanafunzi wataielewa tofauti hiyo upesi, kwa kuwa wageni wa aina zote mbili wanawajua.

Pili, mwenye nyumba aweza kukataa kuitikia akiwa na shughuli, na kichakataji nacho chaweza kuzuia hodi kwa muda. Lakini iko ishara isiyozuilika, inayotumika kwa mambo ya hatari kama hitilafu ya kumbukumbu. Hiyo haipigi hodi, huvunja mlango. Kuiita hodi kutakuwa kosa, na yafaa ibaki chini ya neno ukatizaji peke yake.

Tatu, hodi za binadamu husikika zaidi ya moja kwa wakati mmoja, na hutofautishwa kwa sauti. Hodi za vifaa vinavyoshiriki waya mmoja hazina sauti tofauti. Bawabu hana budi kwenda kumtazama kila mgeni, na hapo ndipo ukweli wa jibu lake unapokuwa na uzito uliokwisha elezwa.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba dhana ambayo kwa Kiingereza hubebwa na neno moja yaweza kugawanywa kwa Kiswahili katika hodi, ukatizaji na huduma, na kwamba mgawanyo huo unamsaidia mhakiki kujua anauliza kuhusu kitu gani. Imeonyeshwa pia kwamba tofauti ya kukatika na kukatizwa, ambayo ni ya sarufi ya kila siku, ina thamani ya kifundi isiyopaswa kuachwa.

Inayobaki ni kazi ya idara za lugha kwa pamoja na idara za uhandisi. Istilahi zilizopendekezwa hapa zisikubaliwe kwa kuwa zinapendeza masikioni. Zichukuliwe viraka halisi vya viendeshi, vihakikiwe kwa Kiswahili na wanafunzi wawili wawili, mmoja akitetea na mwingine akipinga, na yaandikwe maneno yaliyowakwamisha. Neno litakaloshindwa kubeba ubishi wa namna hiyo liachwe, hata kama limekwisha ingia katika kamusi. Na litakaloweza lishikwe, hata kama lilianzia mlangoni mwa nyumba ya kawaida.